Shajara ya Chaser: konveta ya gari la kila siku

11 Januari, kilomita 168,420

Turbo mpya (feni inayoshindilia hewa zaidi kwenye injini) ipo ndani tangu katikati ya Desemba, na muda wote huu nimekuwa nikijidanganya kwamba gari limekaa sawa. Halijakaa. Kuanzia 3,500 rpm (mizunguko ya injini kwa dakika) kwenda juu ni mnyama, linakubana kwenye kiti mpaka unasahau kuangalia kioo. Chini ya hapo ni teksi ya zamani. Juzi pale taa za Magomeni nimepitwa na Noah iliyojaa abiria, na dereva wake wala hakujua kama kulikuwa na mashindano.

Kwa anayeanza kusoma leo: gari ni Toyota Chaser JZX100 Tourer V, injini 1JZ-GTE VVT-i ya lita 2.5, giaboksi ni ile oto ya gia nne iliyotoka nayo Japani. Kiwandani injini hii ilipewa nguvu farasi 280 na Nm 378 za nguvu ya kuzungusha, na hizo Nm zinafika kileleni kwenye 2,400 rpm tu. Shikeni hiyo namba ya mwisho. Turbo ya kiwandani, CT15B, ilikuwa ndogo na inaamka mapema, na giaboksi ya oto inapenda injini inayoamka mapema. Mimi nikaing'oa nikaweka kubwa. Huku juu nimepata nilichokitaka, huku chini nimelipa. Nilijua nitalipa, ila sikudhani bili itakuwa nene hivi.

Leo nimepima stoli, yaani mizunguko ambayo injini inakwama ukikanyaga mafuta yote huku gari limeshikwa na breki. Oili ya giaboksi iwe imepata moto, kati ya nyuzi 50 na 80. Kabari kwenye magurudumu yote, handbreki juu, mguu wa kushoto umeshindilia breki, gia kwenye D, halafu unakanyaga mafuta yote na kusoma geji ya rpm inasimama wapi. Sekunde tano, basi. Kwa muda huo gari haliendi popote, kwa hiyo nguvu yote inayotoka kwenye injini inaishia kuwa joto ndani ya konveta, kile chombo cha oili kinachounganisha injini na giaboksi ya oto. Ukizidisha unapika.

Mwaka jana, na turbo ya zamani, geji ilisimama 2,100. Leo imesimama 1,900.

Konveta haijaguswa. Ni ile ile, na imeshuka mizunguko 200. Nimerudia mara mbili, nikiacha oili ipoe katikati, jibu lile lile. Nimekaa pale kwenye kiti nikacheka peke yangu.

25 Januari

Wiki mbili za kusoma usiku, na sasa ile namba inaeleweka.

Kama umewahi kukoroga uji kwenye sufuria kubwa ukaona mwiko wa pili, ule ulioachwa humo ndani, unaanza kuzunguka wenyewe, umeshaijua konveta. Injini inazungusha pampu yenye mapanga, pampu inaisukuma oili, oili inayasukuma mapanga ya tabaini, na tabaini ndiyo inayoingia kwenye giaboksi. Hakuna chuma kinachoshika chuma. Katikati kuna steta (si stata ya kuwashia gari, msije mkamwambia fundi awaletee stata), nayo kazi yake ni kuupinda mkondo wa oili unaorudi ili uisukume pampu badala ya kuigombanisha. Kwa sababu ya steta, gari likiwa limesimama na wewe umekanyaga, nguvu ya kuzungusha inayofika kwenye giaboksi inaweza kukaribia mara mbili ya ile iliyotoka kwenye injini. Ni kama gia ya ziada ambayo hakuna aliyeihesabu.

Stoli ni pale injini inaposhindwa kuzungusha pampu kwa kasi zaidi wakati tabaini imesimama. Hapo ndipo watu wengi tunapopotea. Tunadhani stoli ni tabia ya konveta, kama saizi ya kiatu. Kumbe ni mapatano kati ya konveta na injini. Konveta yenyewe ina kitu kimoja cha kudumu, wajenzi wanakiita K: unachukua rpm ya stoli, unagawa kwa kipeuo cha pili cha Nm ambazo injini inazitoa kwenye rpm hiyo. Mwaka jana injini yangu kwenye 2,100 ilikuwa inatoa kama Nm 260. Kipeuo cha pili cha 260 ni 16.1, kwa hiyo K yangu ni 130. Sasa turbo kubwa bado imelala kwenye 1,900, injini inatoa kama Nm 210. Kipeuo cha pili ni 14.5, zidisha kwa 130, unapata 1,885.

Kwa hiyo nimejifungia mwenyewe. Turbo inataka kuanzia 3,000 ndipo ifungue macho, konveta inaishika injini kwenye 1,900, na injini haiwezi kufika 3,000 mpaka gari lenyewe lisogee polepole mpaka huko. Ndiyo maana Noah.

Jambo la pili nililojifunza, na hili limenifurahisha: nguvu ambayo konveta inaweza kuibeba inakwenda na kipenyo chake mara tano, yaani kipenyo kikizidishwa kwa chenyewe mara tano. Punguza kipenyo kwa asilimia 10 tu, uwezo unashuka mpaka asilimia 59 ya ule wa mwanzo, na stoli inapanda kwa karibu asilimia 30. Kila ukiona konveta ya mashindano ni ndogo kama sufuria ya kupikia mayai, sababu ni hiyo. Njia nyingine ni kuacha mwili ule ule na kubadilisha pembe ya mapanga au kuweka steta nyingine.

Kila niliyemwambia habari hii amenipa dawa moja: toa oto, weka R154, giaboksi ya manual ya Toyota. Nashukuru. Mimi naishi Mbezi Mwisho, kazi iko Posta, na nina goti la kushoto ambalo lilishaniambia ukweli zamani. Halafu gari hili mama watoto analiendesha Alhamisi na Jumamosi. Mada ya manual imefungwa.

8 Februari, kilomita 169,015

Nimepata konveta. Jamaa anauza vitu vya gari lake la mashindano, lilikuwa na injini ya 2JZ isiyo na turbo. Spea imetumika lakini ni safi, miguu yake ya kuingilia kwenye pampu ya oili ya giaboksi haina mikwaruzo. "Stoli 3,500 hiyo, bosi. Ukiifunga utanitafuta unishukuru." Haina lokapu. Niseme hapa ili nisije nikajitetea baadaye: nilijua haina lokapu. Nilijiambia kwamba safari ndefu ni mara moja moja.

Lokapu ni klachi iliyomo ndani ya konveta. Ukishakuwa kwenye mwendo, klachi inabana, pampu na tabaini vinakuwa kitu kimoja, utelezi unaisha. Konveta za mashindano nyingi hazina, kwa sababu klachi inaongeza uzito, na gari la mbio za mita 400 halina habari na mafuta wala joto la safari.

Kufunga kumetuchukua siku nzima. Propela shafti, kipande cha eksozi, paipu za oili, waya, bolti sita za konveta ambazo unazifikia moja moja kwa kuzungusha puli ya kranki. Hayo ni jasho tu. Sehemu ya hatari ni nyingine. Konveta inaingia kwenye giaboksi kwa hatua tatu: meno ya shafti ya tabaini, meno ya steta, halafu ile miguu miwili inayoendesha pampu ya oili. Unaimiminia kama lita moja ya oili kwanza, unapaka sili, unaiinua, unaizungusha taratibu huku unasukuma kwa tumbo. Tuk. Tuk. Halafu tukasubiri ya tatu, haikuja.

Kijana wa fundi akasema twende hivyo hivyo, bolti zitaivuta. Fundi mkubwa alikuwa anakunywa chai, akaweka kikombe chini bila haraka. "Ukiivuta kwa bolti unaisagia pampu yote. Halafu bosi atakuuliza wewe." Akaja na rula ya chuma, akailaza kwenye mdomo wa giaboksi, akapima kutoka rula mpaka uso wa konveta, akalinganisha na kipimo tulichokiandika kwa chaki wakati wa kutoa ile ya zamani. Pungufu milimita kumi na kitu. Akaikumbatia, akaizungusha robo, akaitikisa kidogo. Tuk. Sauti ndogo sana kwa kitu kinachogharimu giaboksi nzima.

16 Februari

Nitasema ukweli: wiki hii nimekuwa mtoto. Ukikanyaga kutoka mwendo wa kutembea, geji inaruka mpaka 3,900, turbo imeshajaa, na gari linaondoka kama limeitwa na mtu.

Lakini aliniuzia 3,500, mbona naona 3,900? Hesabu ile ile. Injini yake ya 2JZ isiyo na turbo ilitoa kama Nm 300 kwenye 3,500, kwa hiyo K ya konveta hii ni 200 hivi. Injini yangu kwenye 3,900 inatoa kama Nm 380. Mia mbili mara 19.5 (kipeuo cha pili cha 380) ni 3,900. Jamaa hakudanganya hata kidogo. Aliniambia namba ya gari lake.

3 Machi, kilomita 169,870

Furaha imepungua.

Nimefunga sensa ya joto kwenye paipu ya oili inayotoka kwenye giaboksi, na geji ndogo karibu na redio. Asubuhi kutoka Mbezi mpaka Ubungo kwenye foleni: nyuzi 104. Jioni kurudi, jua bado kali, AC imewashwa: 113. Napenda kuona 80 mpaka 95. Ikivuka 120 oili inaanza kuzeeka kwa siku badala ya miaka, na sili za mpira zinakauka.

Kwenye foleni kila nikiachia breki gari halijongei. Lazima uguse mafuta, injini ipande mpaka 1,600, ndipo linajifikiria kisha linasogea. Hapa niondoe uongo mmoja unaosambazwa sana, kwamba ukiweka stoli ya 3,000 gari halitembei mpaka ufike 3,000. Linatembea. Ukigusa kidogo, injini inatoa nguvu kidogo, na stoli ya nguvu kidogo iko chini. Ila linatembea kwa kuteleza, na kila utelezi ni joto.

Barabara kuu ni mbaya zaidi. Kwa tairi zangu na difu yangu, gia ya nne kwenye kilomita 100 kwa saa injini ingepaswa kuwa 2,300 kama hakuna utelezi. Iko 2,800. Hizo 500 zinapotea, karibu asilimia 18. Tuseme injini inatoa kilowati 20 hivi kushikilia mwendo huo: kilowati 3.6 zinaingia kwenye oili muda wote. Ni sawa na kuzamisha pasi tatu za umeme kwenye giaboksi, ukaziwasha, ukaondoka nazo kwenda Chalinze.

Mama watoto aliliendesha Alhamisi. Alivyorudi: "Baba, hili gari lako linanguruma kama linapanda mlima, na mimi niko tambarare." Sikuwa na jibu.

22 Aprili, kilomita 171,640

Tumerudi kutoka Iringa, Pasaka ya ukweni. Niandike kabla sijasahau au sijaanza kuipunguza makali.

Dar mpaka Morogoro, joto 108 muda wote, nikajiambia limetulia. Mikumi kwenye mbuga ni 50 kwa saa, likapanda kidogo kwa sababu upepo umepungua. Ruaha Mbuyuni tukanunua vitunguu. Halafu Kitonga.

Anayeijua Kitonga anajua: kona juu ya kona, ukuta upande mmoja, bonde upande wa pili, na malori ya Tunduma mbele yako yanayokwenda mwendo wa mtu mzima anayetoka msikitini. Huwezi kupita, na hupaswi kujaribu. Gia ya kwanza, ya pili, ya kwanza. Kwenye mwendo huo konveta yangu inafanya kazi pabaya kuliko pote: mzigo mkubwa, tabaini inazunguka polepole, pampu inazunguka haraka. Na ukizidi kupanda hewa inapungua, turbo kubwa inachelewa zaidi, unakanyaga zaidi. 115. 119. 124. Mama watoto alikuwa anaangalia bonde, mimi naangalia kageji. Ilipofika 128 nikaona sehemu ya kuegesha palipo na lori limewekewa majani ya miti nyuma, nikaingia.

Kosa la kawaida hapo ni kuzima injini. Ukizima, pampu ya oili imezima pia, na oili iliyokuwa ikipita kwenye rejeta imesimama mahali ilipo, na joto lake. Nikaweka N, handbreki, nikashika 1,500 rpm. Dakika kumi na mbili mpaka 100. Dereva wa lori akaja kuangalia, akanusa hewa. "Oto?" Oto. Akatingisha kichwa kwa huruma ambayo naona alikuwa anaitunzia watu wa aina yangu, akanipa kipande cha muwa.

Tulifika salama. Kurudi nilisubiri tuondoke saa kumi na moja alfajiri.

3 Mei

Sampo ya giaboksi (beseni la oili la chini) imeshuka. Oili niliyoiweka Februari ikiwa nyekundu kama juisi ya rosela imetoka rangi ya chai ya rangi, na inanuka kuungua. Sumaku ina tope jembamba la kijivu, hilo ni la kawaida. Hakuna vipande. Giaboksi imenisamehe mara moja.

Kumbukeni kwamba kufungua bolti ya sampo kunatoa sehemu tu ya oili. Kiasi kikubwa kinabaki ndani ya konveta. Nimebadilisha mara tatu, kilomita chache katikati, mpaka ikatoka nyekundu.

Mchana nikaibeba ile konveta ya kiwandani mpaka Gerezani kwa mzee mkerezaji, nikamwomba aipasue. Nilitaka kuona nilichokuwa nakitukana. Aliifunga kwenye mashine, akapitisha kisu polepole kwenye mstari wa welding mpaka nusu mbili zikaachana zenyewe kama dafu. Ndani kuna uzuri wake. Mapanga ya chuma chembamba yaliyopangwa kama maganda ya kitunguu, kila moja limepinda kidogo. Nikaingiza vidole viwili kwenye steta nikaizungusha: upande mmoja inakwenda, upande wa pili inagoma. Inavyopaswa. Lakini klachi ya lokapu, ile bitana yake ambayo ingekuwa na ukwaruzo wa karatasi, ilikuwa nyeusi na inang'aa kama sahani, na sehemu moja ya duara imefika kwenye chuma.

Kwa hiyo hata ile ya zamani ilikuwa inakufa. Kilichoiua si umri peke yake. Mwaka jana nilikuwa naongeza presha ya turbo, na lokapu ikiwa imebana kwenye gia ya nne mimi nakanyaga kupita lori. Klachi ya kiwandani imepimwa kwa nguvu ya kiwandani.

Mzee alisema anaweza kupinda mapanga na kuifunga tena. Namwamini mkono wake. Ila nilimuuliza ataibalansi kwa mashine gani, akacheka, "Kwa Mungu." Konveta inazunguka kwa 6,500 rpm ikiwa imejaa oili. Tukakubaliana hapana.

Sasa najua nataka nini, na ni kidogo kuliko nilivyotaka Januari. Nataka ifike 3,000, si zaidi, kwa sababu hapo turbo inaanza kufungua macho, na zilizobaki itamalizia yenyewe. Kwenye 3,000 injini yangu inatoa Nm 300: K iwe 170 hivi, katikati ya 130 ya kiwandani na 200 ya yule jamaa. Na lokapu iwepo, bitana nzuri zaidi. Ningelazimishwa kuchagua kimoja, ningechukua lokapu na kuiacha stoli.

7 Juni

Nimewaandikia wajenzi wanne wa nje. Wawili walijibu siku hiyo hiyo kwa bei na stoli wanayonipa, bila kuuliza chochote. Wa tatu kimya. Wa nne, yuko Australia, ambako hizi JZ za oto wanazo nyingi, alinirudishia maswali ukurasa mzima. Uzito wa gari ukiwa na abiria. Saizi ya tairi. Difu. Nm kwenye 2,000, 2,500, 3,000 na 3,500, siyo ile ya kileleni tu. Turbo inaanza wapi. Joto la mji. Muda gani kwa wiki gari linakaa kwenye foleni. Kuna mlima? Nilimwandikia Kitonga aya tatu.

Alirudi na jambo ambalo sikuliuliza: kuna konveta yake maarufu ya "3,000" anayoiuza sana kwa watu wa V8, na akaniomba nisijaribiwe na jina. Ile 3,000 inapimwa nyuma ya injini inayotoa Nm 500. Nikafanya hesabu mwenyewe: K yake ni 134. Kwenye Chaser yangu ingekuwa konveta ya kiwandani kwa bei ya ng'ombe wawili.

Yeye anajenga juu ya mwili mdogo kidogo, mapanga yamechomelewa kwenye tanuri yasilegee, beringi za roli badala ya washa, lokapu ya bitana mpya. Nimelipa. Usafiri peke yake umeniuma kama jino, kitu kizito hiki kikipanda ndege.

26 Julai, kilomita 173,205

Imefungwa. Tuk tatu mfululizo, kijana wa fundi ndiye aliyeiingiza, na rula aliichukua mwenyewe bila kuambiwa.

Pamoja nayo nimeweka rejeta ndogo ya oili mbele, baada ya ile njia ya kiwandani inayopita ndani ya rejeta ya maji, ili oili ipite kwenye maji kwanza kisha kwenye hewa. Nilitaka kuikalisha mbele ya kondensa ya AC, fundi wa AC akakataa katakata, na ana haki: hewa ya moto ingeingia kwenye kondensa na Dar si mji wa kufanyia hivyo. Ipo pembeni nyuma ya bampa, na feni yake ndogo inayojiwasha oili ikifika 90.

Lokapu haibani injini ikiwa baridi, kwa hiyo msishangae dakika za kwanza.

16 Agosti, kilomita 174,110

Wiki tatu. Namba nilizoziandika kwenye kikaratasi ndani ya dashibodi:

Kutoka mwendo wa kutembea geji inaruka 2,950. Kwenye breki siwezi kupima, tairi za nyuma zinaanza kuzunguka kwenye 2,600 na sina haja ya kuziunguza. Foleni Mbezi mpaka Posta, AC imewashwa: 91, siku mbaya 94. Kilomita 100 kwa saa, gia ya nne, lokapu imebana: 2,300 kavu, haitikisiki. Ikiachia kwa kupanda daraja, 2,550, halafu inarudi.

Kuondoka haliruki kama Februari. Kuna nusu sekunde ya kusubiri turbo ambayo konveta ya mashindano haikuwa nayo, na kuna asubuhi naikumbuka. Ila kwenye foleni naachia breki na gari linajongea lenyewe, jambo ambalo sikujua nililikosa mpaka liliporudi. Mama watoto alirudi Alhamisi akaweka funguo mezani hakusema kitu. Kwa ndoa yetu hiyo ni A.

Tatizo moja. Chini ya bampa nimekuta tone la oili sakafuni, usiku mmoja tone moja. Si sili ya mbele, nimepapasa, pakavu. Ni kiungo cha mpira wa ile rejeta ndogo, klipu ya bei rahisi niliyoiweka mimi mwenyewe nikiwa na haraka. Nimenunua klipu mbili za bolti pale Ilala. Jumamosi nitainua gari.